Dalili ya Mvua ni Mawingu: Kusoma Kemia ya Miamba ya Kalemela

Wilaya ya Busega ndiyo pekee mkoani Simiyu inayogusa maji ya Ziwa Victoria, na Kalemela ni mojawapo ya kata zake. Mkulima wa huko anaijua ardhi yake kwa majina ya Kisukuma yasiyofundishwa darasani. Luseni ni udongo wa kichanga wa mteremko wa juu, karibu na majabali ya itale. Itogolo ni ule mgumu wa chini kidogo, unaotuamisha maji na kufaa majaruba ya mpunga. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni: masika unanata hadi kumvua mtu viatu, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mtafuta dhahabu akifika hapo hukanyaga udongo huohuo, ila ana swali lingine. Chini yake kuna mwamba gani, na mwamba huo unaficha nini?

Swali hilo lina msingi. Miamba ya kale ya kanda ya ziwa, yenye umri wa kati ya miaka bilioni 2.6 na 2.8 hivi, ina mikanda sita ambayo wanajiolojia huiita mikanda ya miamba ya kijani, kutokana na rangi ya madini yaliyoota ndani ya lava za kale zilipopashwa joto upya ardhini. Mikanda hiyo ni Sukumaland, Musoma–Mara, Kilimafedha, Shinyanga–Malita, Nzega na Iramba–Sekenke. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Tanzania imetoka humo. Busega imezungukwa na majirani wa aina hiyo: upande wa machweo, ng'ambo ya maji, ni Sukumaland yenye Geita na Bulyanhulu, kaskazini ni Mara, mashariki ni Kilimafedha, ambako dhahabu ilichimbwa enzi za ukoloni mahali ambapo leo ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ndani ya wilaya yenyewe, Ngasamo inajulikana kwa nikeli.

Lakini dhahabu iliyochungulia juu ya ardhi imeshaokotwa. Wachimbaji wadogo wamepita milimani na mabondeni wakiwa na nyundo na karai, na jicho lao ni kali. Iliyobaki ni ile iliyofunikwa na mbuga, na kokoto nyekundu zilizogandamana, au na mwamba mwingine. Kuitafuta hiyo kwa macho ni kubahatisha. Ndipo inapoingia jiokemia, elimu ya kusoma viwango vidogo vya elementi ndani ya jiwe na udongo.

Hoja ya uchambuzi huu ni moja. Kemia ya miamba mara chache humwonyesha mtu dhahabu yenyewe. Kazi yake kubwa ni kumwonyesha mahali pa kutochimba. Kwa mchimbaji mwenye mtaji mdogo, hakuna faida inayoizidi hiyo.

Msafara wa dhahabu

Katika mwamba wa kawaida dhahabu ni chache mno, miligramu moja hadi nne kwa tani. Mgodi unaolipa unahitaji gramu kadhaa kwa tani, yaani zaidi ya mara elfu moja. Ni lazima pawe na kitu kilichoizoa dhahabu kutoka eneo pana na kuimwaga mahali pamoja.

Kitu hicho ni maji ya moto. Miamba iliyo kina kirefu ilipobanwa na kupashwa joto ilitoa maji yenye hewa ya kaboni na salfa, ya nyuzi 250 hadi 400 hivi za Selsiasi. Dhahabu, ambayo kwa kawaida ni ngumu kuyeyuka ndani ya maji, humo huyeyuka kwa kushikamana na salfa. Maji yakapanda kwa kufuata nyufa kubwa za ardhi. Yalipokutana na mwamba wenye chuma kingi, chuma kilinyakua salfa na kutengeneza pairaiti, lile jiwe la manjano linalowahadaa wageni. Dhahabu iliyonyang'anywa mwenzake haikuwa na budi kutua hapohapo. Pengine presha ilishuka ghafla ndani ya ufa, matokeo yakawa hayohayo.

Maji hayo hayakubeba dhahabu peke yake. Yalibeba pia aseniki, antimoni, bismuthi, teluri, tungsteni, fedha, na mara nyingine shaba na zebaki. Kila elementi ilitua ilipofika hali inayoifaa, kama abiria wa basi moja wanaoshuka vituo tofauti. Kwa sababu hiyo dhahabu yaweza kukaa kwenye mshipa wenye upana wa mita moja au mbili, huku aseniki ikiwa imetapakaa makumi au hata mamia ya mita kuuzunguka. Anayelenga mshipa wa mita mbili ndani ya shamba zima atakosa mara nyingi. Anayelenga wingu la mita mia mbili ana nafasi. Tena aseniki ni rahisi kupima: kiwango chake cha kawaida kwenye mwamba ni gramu mbili hivi kwa tani, na kando ya mshipa huweza kupanda hadi makumi au mamia. Wataalamu huziita hizi elementi elekezi. Wahenga walishasema kwamba dalili ya mvua ni mawingu.

Mwamba wenyewe nao haukubaki kama ulivyokuwa. Maji ya moto yalipopita yalichukua sodiamu na kuacha potasiamu, salfa na kaboni. Jiwe lililokuwa gumu na la kijani likageuka la kijivu au la krimu, laini, lenye vumbi la ulanga. Ili kujua ni kiasi gani kimeongezwa na kiasi gani kimeondolewa, mchambuzi hutafuta mashahidi wasiohama: titaniamu, zirkoniamu na alumini. Tuseme mwamba umepoteza sehemu ya uzito wake. Elementi hizo zitaonekana zimepanda, ilhali hakuna kilichoongezwa. Ni kama chumvi inavyozidi mchuzi ukikauka. Mwaka 1967 R. L. Gresens alitoa hesabu ya kurekebisha udanganyifu huo, na J. A. Grant akairahisisha mwaka 1986. Bila hesabu ya namna hiyo, jedwali la maabara laweza kusomwa kinyume.

Mashahidi wa aina hiyo husaidia jambo la pili ambalo Kalemela inalihitaji sana, yaani kulitambua jiwe lililokwisha kuoza. Juani na mvuani kwa mamilioni ya miaka, lava na itale vyote hugeuka udongo mwekundu usiotofautishika kwa macho. Lakini udongo uliotokana na miamba kama ya Ngasamo hubaki na kromiamu na nikeli nyingi, na uliotokana na itale hauna. Kwa namba hizo ramani ya miamba iliyofunikwa huchorwa kabla hata ya kuuliza habari za dhahabu.

Kila mgodi na saini yake

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia kwamba aseniki huongoza kwenye dhahabu, hupima aseniki kila mahali na kuamini kila wanachokiona. Migodi ya nchi hii inafundisha tofauti. Geita, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1898, sehemu kubwa ya utajiri imefungamana na miamba yenye matabaka ya chuma, pale pairaiti ilipochukua nafasi ya chuma cha sumaku. Teluri nayo imo msafarani. Bulyanhulu, iliyofunguliwa kama mgodi mkubwa mwaka 2001, ina mshipa mwembamba uliosimama wima, na dhahabu yake hutoka pamoja na shaba na fedha. Golden Pride ya Nzega, mgodi wa kwanza mkubwa wa dhahabu wa zama hizi nchini, uliofunguliwa mwaka 1998, ulikuwa na asenopairaiti, madini ya aseniki yenyewe. Migodi mitatu ya kanda moja, saini tatu.

Fundisho lake ni kwamba saini hukopwa kwa tahadhari. Anayetafuta Kalemela aanze na sampuli za mawe yanayojulikana kuwa na dhahabu katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya jirani, apime elementi zote zinazoambatana nayo, kisha atumie orodha hiyo kama kipimo cha eneo lake. Akileta orodha ya Nzega bila kuijaribu, anaweza kupita juu ya mali na asijue.

Mfano wa mbali unalikazia jambo hili. Huko Nevada, Marekani, mgodi wa Carlin uligunduliwa mwaka 1961 mahali ambapo watafuta dhahabu wa zamani walipita bila kuona kitu. Dhahabu yake ni ndogo kiasi kwamba haionekani kwa jicho wala haibaki kwenye karai ikioshwa. Iliyoitambulisha ni maabara, na jamaa zake ni aseniki, antimoni, zebaki na thaliamu. Kusema kwamba eneo halina dhahabu kwa kuwa karai halikuonyesha kitu, kwa hiyo, ni hukumu ya haraka.

Kikwazo kiitwacho mbuga

Ukisoma ripoti za Kiingereza za kampuni zilizotafuta madini kanda ya ziwa, utalikuta neno la Kiswahili limeachwa kama lilivyo: mbuga. Wanajiolojia wa kigeni wameliazima kwa sababu tatizo lake wamelikuta hapa. Udongo huo mweusi haukuzaliwa na mwamba ulio chini yake. Umekusanyika bondeni, na sehemu yake imeletwa na maji kutoka miteremko ya juu. Ukichota kilo moja ya mbuga na kuipima, unapima habari za vilima vya jirani. Mwamba ulio mita kumi chini ya miguu yako haujasema neno.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, alitoa dhana ya katena: kwamba aina za udongo hufuatana kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, na mpangilio huo hujirudia kilima hadi kilima. Dhana hiyo ilienea duniani. Mkulima wa Kisukuma alikuwa nayo tayari katika majina yake. Na hapa pana jambo ambalo makampuni hayakulitumia vya kutosha: majina hayo ni ramani ya kwanza ya kuchukulia sampuli. Panapoitwa luseni, udongo hauko mbali na mwamba wake, kwa hiyo sampuli ya kina kifupi ina maana. Panapoitwa itogolo, tahadhari. Panapoitwa mbuga, usipoteze fedha kwenye udongo wa juu. Tafuta njia ya kufika chini.

Njia zipo kadhaa. Ya uhakika ni uchorongaji mwepesi unaotoboa mbuga yote hadi kwenye mwamba uliooza, na kuleta kipande cha mwisho kikapimwe. Ya bei nafuu ni vichuguu. Mchwa hushuka kina kirefu kufuata unyevu na kupandisha chembe za udongo wa chini. Katika Afrika na Australia watafiti wamevipima vichuguu na kukuta ndani yake habari za mwamba uliofunikwa. Kichuguu ni mchorongaji asiyelipwa, ingawa hafiki popote unapotaka, na mbuga ikiwa nene mno hafiki kabisa. Njia ya tatu ni vinundu vyeupe vya chokaa vinavyopatikana mara nyingi chini ya udongo mweusi wa nchi kavu. Maji ya ardhini yanapopanda na kukauka huacha chokaa, na chokaa hunasa dhahabu kidogo. Kusini mwa Australia, mgodi wa Challenger ulipatikana mwaka 1995 kwa kupima chokaa ya namna hiyo.

Mabonde yenye vijito yana njia yake: kuchekecha mchanga wa kijito na kuupima, ili kujua bonde zima limeosha nini. Sampuli moja huweza kuwakilisha kilomita za mraba kadhaa. Ndiyo hatua ya kwanza katika eneo pana, kabla ya kusogea kwenye udongo, kisha kwenye jiwe, kisha kwenye mtambo wa kuchoronga. Anayeanza na mtambo ameanza na gharama kubwa kuliko zote.

Namba zinavyodanganya

Sampuli ikifika maabara, Mwanza au Dodoma, dhahabu hupimwa kwa moto. Gramu 30 au 50 za unga wa jiwe huchanganywa na oksaidi ya risasi na kuyeyushwa tanurini. Risasi ikizama hukusanya dhahabu yote njiani. Kisha risasi huondolewa kwa joto, na chembe inayobaki husomwa kwa mashine. Ni njia ya kale na ya kuaminika. Udhaifu wake uko kwenye mfuko wa sampuli. Dhahabu ya punje punje haijasambaa sawasawa, kwa hiyo gramu 50 zaweza kuikosa punje, na gramu 50 za pili zikaipata na kuonyesha utajiri usiokuwapo. Elementi elekezi hutulia zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzitegemea.

Siku hizi kipo kifaa cha mkononi cha eksirei kinachosoma aseniki, shaba, kromiamu na titaniamu hapohapo shambani kwa dakika moja au mbili. Kwa dhahabu ya viwango vya utafutaji hakifai. Anayemwambia mchimbaji kwamba kifaa hicho kimeona dhahabu iliyofichika ardhini anastahili kuulizwa maswali.

Kisha kuna mawingu yasiyoleta mvua. Miamba myeusi yenye kaboni hubeba aseniki nyingi kiasili bila dhahabu yoyote. Kokoto nyekundu zenye chuma hunyonya aseniki kutoka majini na kuikusanya kwa miaka mingi, zikaonyesha kilele mahali ambapo hakuna mshipa. Zebaki, ambayo kwingineko ni elementi elekezi nzuri, karibu na maduara na karasha (mashine za kusaga mawe) za zamani huwa imemwagwa na binadamu aliyekuwa akikamatia dhahabu. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, yakisombwa na mvua huweza kuchafua kijito kizima. Kwa hiyo mchambuzi haangalii namba moja. Huuliza kwanza kawaida ya mahali ni ipi kwa kila aina ya mwamba, kisha hutafuta elementi tatu au nne zinazopanda pamoja, kwenye mstari unaofuatana na ufa unaojulikana. Aseniki peke yake ni tetesi. Aseniki, bismuthi na potasiamu kwenye mstari mmoja ni ushahidi.

Na juu ya yote kuna uaminifu wa mtu. Mwaka 1997 dunia ilishtuka ilipobainika kwamba sampuli za kampuni ya Bre-X kutoka Busang, Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu, na hisa za thamani ya mabilioni ya dola zikayeyuka. Tangu hapo, kuingiza kwa siri sampuli tupu, sampuli za kiwango kinachojulikana na sampuli za marudio ya kipimo ni desturi ya kila kampuni makini. Mchimbaji mdogo naye anaweza kufanya hivyo. Katika kila sampuli ishirini, moja iwe jiwe analojua kuwa halina kitu. Maabara ikilitajirisha, amejua kwamba kuna kasoro.

Faida imfikie nani

Sheria ya Madini inampa Mtanzania leseni ndogo ya uchimbaji isiyozidi hekta 10, kwa miaka saba. Tufanye hesabu. Hekta 10 ni mita za mraba 100,000. Ukiigawa kwa viraba vya mita 50 kwa 50, unapata viraba 40. Sampuli 40 za luseni, au 40 za kichuguu na za chini ya mbuga, zinatosha kuchora picha ya kwanza ya leseni nzima. Kazi ya kuzikusanya ni ya siku chache kwa watu wawili wenye jembe, mifuko na simu inayoonyesha mahali. Gharama ya maabara ni nzito kwa mtu mmoja, inabebeka kwa kikundi. Linganisha na duara moja: miezi ya jasho, miti ya matimba ya kushikilia kuta, pampu ya maji, chakula cha vijana, na mwishoni pengine kifusi kitupu.

Gharama nyingine haihesabiwi kwa shilingi. Januari 13, 2024, watu 22 walifariki walipofukiwa na kifusi katika machimbo ya dhahabu ya Ng'alita, wilayani Bariadi, katika mkoa huuhuu wa Simiyu. Kemia haizuii udongo kuporomoka. Kazi hiyo ni ya usimamizi na ya matimba imara. Lakini kila duara lisilokuwa na sababu ya kuchimbwa ni hatari isiyokuwa na sababu ya kuwapo, na rashi zetu, yaani watu wanaokimbilia dhahabu mpya kwa pamoja, huchimba mamia ya maduara ya namna hiyo kwa kufuata uvumi.

Serikali ina vyombo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1925, ina maabara Dodoma na inahifadhi ramani pamoja na ripoti za waliotafuta wakaondoka. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limeleta mitambo ya uchorongaji kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Dira ya 2030 ya Wizara ya Madini inakusudia kupandisha eneo la nchi lililopimwa kwa ndege kwa kina kutoka asilimia 16 hadi 50. Hayo ni mema, lakini vipimo vya ndege huonyesha umbo la miamba na nyufa zake. Kujua kama maji yenye dhahabu yaliwahi kupita kwenye nyufa hizo ni kazi ya kemia, na kemia inataka mtu ashuke, achote, apime. Dira isiyokuwa na bajeti ya sampuli itatupa ramani nzuri za milango bila kutuambia upi una kitu ndani.

Mambo matatu yangeibadilisha hali ya Kalemela na kata zinazofanana nayo. La kwanza, takwimu za zamani za jiokemia zitolewe kwa Kiswahili, kata kwa kata, mchimbaji asilazimike kusafiri hadi Dodoma kuulizia habari za shamba lililo nyuma ya nyumba yake. La pili, bei ya maabara kwa vikundi vya wachimbaji wadogo ipunguzwe, kama pembejeo za pamba zinavyofikiriwa kwa mkulima. La tatu, maofisa madini wa mikoa wafundishe kuchukua sampuli kwa kutumia majina ya udongo ambayo wenyeji wanayajua, badala ya kuanza na istilahi ngeni.

Wingu si mvua, na aseniki si dhahabu. Lakini hakuna mkulima wa Simiyu anayepanda pamba bila kutazama mbingu kwanza. Mchimbaji naye asichimbe bila kuuliza mwamba: sampuli 40 kwanza, duara baadaye.